Ovyo, Mseto au Nasibu? Vivumishi vya Kiingereza vya Vitu Vilivyochanganywa au Kuchaguliwa bila Uangalifu

Mtahiniwa, tuanze na sentensi moja. Unaandika insha ya Kiingereza kuhusu shule yako, na unataka kumsifu mkuu wa shule kwamba hana ubaguzi. Kutoka somo la Uraia unakumbuka kuwa ubaguzi ni discrimination. Unaongeza kiambishi cha kukanusha na kuandika: "Our headmaster is indiscriminate." Unaridhika na kuendelea na aya inayofuata.

Msahihishaji akisoma sentensi hiyo anaelewa jambo jingine kabisa. Anaelewa kuwa mkuu wako wa shule ni mtu anayetenda bila kupambanua, yaani hatofautishi la maana na lisilo na maana. Ulikusudia kumsifu, na sasa umemlaumu. Sarufi ya sentensi haina kosa. Kosa liko katika uchaguzi wa kivumishi.

Mada hii inahusu vivumishi vya aina hiyo: maneno yanayoeleza vitu vilivyochanganywa pamoja, na maneno yanayoeleza kuchagua au kutenda bila uangalifu. Ukiisoma mpaka mwisho na kufanya zoezi, utaweza kutofautisha maneno kumi na moja ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja.

Kwa nini tunakosea

Chanzo cha kosa ni neno letu moja linalofanya kazi nyingi. Kwa Kiswahili tunasema mtu ametupa taka ovyo, amekata miti ovyo, amepanga vitabu ovyo, amejibu maswali ovyo. Neno ni lile lile, na msikilizaji hujaza mwenyewe kilichokusudiwa. Tukitaka kuwa wazi zaidi tunayo maneno mengine: kiholela, shaghalabaghala, mseto, bila kubagua, kwa nasibu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, ovyo linatutosha.

Mwanafunzi anapohamia Kiingereza hutafuta neno moja litakalofanya kazi hiyo yote, na mara nyingi huchagua random. Taka zinakuwa random, majibu yanakuwa random, hata wageni waliofika harusini wanakuwa random. Msomaji hajui tena kama unalaumu, unasifu au unaeleza tu.

Maswali matatu ya kujiuliza

Kabla ya kuandika kivumishi chochote cha kundi hili, jiulize maswali haya:

1. Ninaeleza vitu vyenyewe, au namna vilivyochaguliwa? Mfuko wenye vitu vya aina nyingi ni jambo moja. Mtu aliyeingiza mkono na kuchukua chochote ni jambo jingine.
2. Je, kuna anayelaumiwa? Baadhi ya maneno haya hayana lawama hata kidogo. Mengine ni mashtaka.
3. Neno hili huandamana na nomino gani? Kiingereza kina mazoea yake, na msahihishaji huyatambua mara moja.

Swali la kwanza linatupatia makapu mawili. Tuanze na lile la vitu vyenyewe.

Kapu la kwanza: vitu vyenyewe ni mchanganyiko

Miscellaneous. Hutumika kwa vitu vya aina mbalimbali visivyoingia katika kundi moja. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini miscere, yaani kuchanganya, ambacho pia ndicho chanzo cha neno mix. Halina lawama. Mfano: "The box contained miscellaneous items: a torch, two spoons and an old calendar." Hapa hatumlaumu mwenye boksi. Tunasema tu kwamba vitu hivyo havina jina moja la kuvikusanya.

Sundry. Maana yake iko karibu sana na ya miscellaneous, lakini siku hizi limebaki zaidi katika hesabu za biashara. Wanaosoma Book-keeping wameshaliona katika sundry expenses, yale matumizi madogo madogo yasiyostahili akaunti ya peke yake, na katika sundry debtors. Kivumishi hiki hukaa kabla ya nomino. Usiandike "The expenses were sundry." Liko pia katika msemo all and sundry, wenye maana ya kila mtu: "She told the news to all and sundry."

Assorted. Ni vitu vya aina mbalimbali vilivyowekwa pamoja kwa makusudi. Kopo lenye maandishi assorted biscuits halikujazwa kwa bahati mbaya. Mtengenezaji alipanga aina ngapi ziingie. Kwa hiyo usilitumie kwa fujo. Chumba chenye nguo zilizotapakaa sakafuni si assorted.

Jumbled. Hapa sasa kuna fujo. Vitu vimevurugika na mpangilio wake haupo tena. Kiswahili chake kizuri ni shaghalabaghala. Neno hili unalijua tayari kutoka kwenye mazoezi ya kupanga upya sentensi zilizovurugwa ili zilete aya yenye maana: hizo huitwa jumbled sentences. Kinachoweza kuvurugika ni kile chenye mpangilio wake, na mfano huo unalionyesha jambo hilo vizuri.

Motley. Zamani lilihusu kitambaa chenye rangi mchanganyiko, kisha vazi la mchekeshaji aliyekaa katika nyumba ya mfalme au mkubwa. Shakespeare amelitumia kwa maana hiyo katika tamthiliya ya As You Like It. Ndiyo maana mpaka leo lina harufu ya kejeli. "A motley crowd gathered outside the shop" ni kundi la watu wasiofanana kwa lolote, na mwandishi anawatazama kwa kichekesho kidogo. Katika barua ya shukrani kwa familia iliyokukaribisha, usithubutu kuiita your motley family.

Eclectic. Hili ni neno la sifa. Limetokana na Kigiriki, na shina lake lina maana ya kuchagua. Mtu anayesikiliza taarabu, dansi, kwaya na muziki wa Kihindi, na katika kila aina anajua kizuri kiko wapi, ana eclectic taste in music. Kwa nje unaona mchanganyiko, lakini nyuma yake kuna mtu aliyechagua kwa uangalifu.

Tahadhari: Ukifungua kamusi unaweza kukuta promiscuous ikielezwa kuwa ni iliyochanganyika. Hiyo ni maana ya zamani, utakayokutana nayo katika vitabu vya karne zilizopita. Siku hizi neno hilo humhusu zaidi mtu mwenye wapenzi wengi. Usiliweke kwenye insha kuhusu soko.

Kapu la pili: namna ya kuchagua au kutenda

Haphazard. Neno hili limeunganishwa kutokana na maneno mawili. Hap ni bahati, na ndilo lililozaa happen na perhaps. Hazard lilikuwa jina la mchezo wa dadu. Kwa hiyo ni bahati juu ya bahati. Hutumika pale ambapo mpango ulihitajika na haukuwepo. Fikiria ujenzi holela: kila mtu anajenga anapoona panamfaa, na siku moto unapowaka gari la zimamoto halina njia ya kupita. "The houses were built in a haphazard way, and no space was left for a road." Lawama ipo, na ni ya kukosa mpango.

Indiscriminate. Discriminate katika maana yake ya msingi ni kupambanua, kutenga hiki na kile. Kutenga watu kwa rangi au kabila ni maana mojawapo tu. Basi indiscriminate ni kutenda bila kupambanua, na karibu kila mara matokeo yake ni madhara. Mfano ulio karibu nasi ni uvuvi wa baruti katika pwani ya Bahari ya Hindi. Mlipuko hautofautishi samaki mkubwa na mchanga, wala samaki na matumbawe anayoishi ndani yake. Huo ni indiscriminate fishing. Nomino nyingine zinazoandamana nalo ni killing, felling of trees, use of pesticides na attack. Hata sheria za vita zinalitumia: Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva inakataza mashambulizi yasiyotofautisha wapiganaji na raia, na kwa Kiingereza huitwa indiscriminate attacks.

Arbitrary. Kwa Kilatini arbiter ni mwamuzi. Arbitrary ni uamuzi unaotegemea matakwa ya mwenye mamlaka, bila sababu wala kanuni inayoeleweka. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika Kifungu cha 9, linakataza arbitrary arrest, yaani kumkamata mtu bila msingi wa sheria. Zingatia tofauti hii: mtendaji wa jambo la haphazard hakupanga, lakini mtendaji wa jambo la arbitrary anaweza kuwa amepanga vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba hatoi sababu inayokubalika.

Desultory. Huko Roma desultor alikuwa mpanda farasi wa maonyesho aliyeruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine farasi hao wakiwa mbioni. Kwa hiyo desultory ni kurukaruka kutoka jambo hadi jambo bila kusudi la kudumu. Dakika kumi za Fizikia, dakika tano za Historia, kisha simu, kisha Fizikia tena kwa mada nyingine. "His revision was desultory, and he did not finish a single topic." Hapa mtahiniwa ajitazame mwenyewe.

Random: neno linaloeleweka vibaya kuliko yote

Neno random lilitoka Kifaransa cha zamani na mwanzoni lilihusu mwendo wa kasi usio na mwelekeo. Leo maana yake muhimu kwako ni ya kitaalamu: kuchagua kwa namna ambayo kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kwa Kiswahili tunasema kwa nasibu.

Tuseme katika Jiografia unafanya utafiti kuhusu matumizi ya maji kwa wanafunzi 400 wa shule yenu, na unataka kuwahoji 20. Njia ya kwanza: unasimama getini asubuhi na kuwahoji 20 wa kwanza kufika. Njia ya pili: unaandika majina yote 400 kwenye vikaratasi vinavyolingana, unavikunja, unavichanganya ndani ya ndoo, kisha unatoa 20 bila kuchungulia.

Wengi wangesema njia ya kwanza ndiyo random, kwa sababu uliwakamata wowote waliotokea. Si kweli. Wanaofika mapema huenda wengi wao wanaishi karibu na shule, na huenda wanachota maji kwenye bomba moja. Aliyetoka mbali hakuwa na nafasi sawa ya kuhojiwa. Njia hiyo ni haphazard, na hitimisho lako litaegemea upande mmoja. Njia ya pili ndiyo random: kila mwanafunzi ana nafasi 20 kati ya 400, yaani 1 kati ya 20, awe wa karibu au wa mbali.

Shika jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha mada nzima. Uteuzi wa random katika sayansi haufanyiki bila uangalifu. Unahitaji orodha kamili, vikaratasi sawa na mkono usiochungulia. Uangalifu wote huo ni wa kuhakikisha kuwa upendeleo wa mtu hauingii.

Katika mazungumzo ya vijana, random hutumika pia kwa kitu kisichotarajiwa au mtu usiyemjua. Iache maana hiyo kwenye simu. Katika insha na barua rasmi huficha unachotaka kusema.

Tukio moja, maneno manne

Mwalimu anachagua wanafunzi kumi wa kidato cha nne kwenda makumbusho. Tazama jinsi kivumishi kinavyobadilisha habari.

"The selection was random." Majina yote yaliwekwa kwenye boksi na kumi yakatolewa. Aliyekosa hana wa kumlalamikia.

"The selection was haphazard." Mwalimu aliandika majina ya aliokutana nao ukumbini, akaipoteza karatasi, akaanza upya kwa kukumbuka kumbuka. Hakuwa na nia mbaya, ila hakuwa na utaratibu.

"The selection was arbitrary." Alichagua aliowataka, na alipoulizwa sababu hakuitoa.

"The selection was indiscriminate." Alichukua yeyote aliyenyoosha mkono, hata wa kidato cha kwanza, ilhali safari ilikuwa ya kidato cha nne.

Sasa chukulia wewe ni kiranja, na unaandika barua rasmi ya kulalamika kwamba uteuzi haukuwa wa haki. Ukiandika random, umemweleza mkuu wa shule kwamba kila mtu alipewa nafasi sawa. Barua ya malalamiko imegeuka kuwa ya kumsafisha mwalimu. Ukiandika arbitrary, umemshtaki kwa kutumia mamlaka bila sababu, na uwe tayari kuthibitisha. Ukiandika haphazard, umesema utaratibu ulikosekana, jambo linaloweza kurekebishwa bila kumvunjia mtu heshima. Mara nyingi kiranja mwenye busara atachagua hili la mwisho.

Tahajia na matumizi

Haphazard hutamkwa kwa kutenganisha hap na hazard. Herufi p na h hapa hazitoi sauti ya f kama katika photograph.

Miscellaneous ina s na c zinazofuatana, na l mbili.

Tumia an kabla ya arbitrary, indiscriminate na eclectic. Tumia a kabla ya random, haphazard, motley na desultory.

Vielezi vyake ni randomly, haphazardly, indiscriminately na arbitrarily. Unaweza pia kusema chosen at random. Usiseme chosen by random.

Zoezi

Jaza kila nafasi kwa neno moja kati ya haya, kila neno mara moja tu: arbitrary, eclectic, haphazard, indiscriminate, jumbled, motley, random, sundry.

1. The pupils' names were put in a box and five were picked at ______.
2. The ______ use of pesticides kills useful insects as well as harmful ones.
3. The shopkeeper entered the small payments under ______ expenses.
4. The chairman gave no reason for his ______ decision to dismiss the treasurer.
5. Without any plan, the stalls were put up in a ______ way, and they blocked the road.
6. Rearrange these ______ sentences to make a good paragraph.
7. Her library is ______: poetry, farming, law and football, every book chosen with care.
8. A ______ crowd of goatherds, clerks and wedding guests took shelter under one tree.

Majibu na sababu

1. random: kila jina lilikuwa na nafasi sawa, na at random ni msemo wa kawaida.
2. indiscriminate: dawa haikutofautisha wadudu wenye faida na waharibifu.
3. sundry: nomino expenses ndiyo iliyokuongoza.
4. arbitrary: mwenye mamlaka ameamua bila kutoa sababu.
5. haphazard: maneno without any plan yamekupa jibu.
6. jumbled: kilichokuwa na mpangilio kimevurugwa.
7. eclectic: ni mchanganyiko, lakini kila kitabu kilichaguliwa kwa uangalifu.
8. motley: ni watu wasiofanana, na mwandishi anaona kichekesho katika mkusanyiko wao.

Kama umekosa namba 2, 4 au 5, rudi kwenye maswali matatu, hasa la pili. Tofauti za maneno hayo ziko katika lawama: nani anabebeshwa, na kwa kosa gani.

Turudi kwa mkuu wa shule

Ile sentensi ya mwanzo sasa unaweza kuirekebisha. Andika "Our headmaster is impartial," au ukitaka kutumia kitenzi ulichokijua tangu mwanzo, "Our headmaster does not discriminate against anyone." Zote mbili zinamsifu kama ulivyokusudia.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Sokoni huenda ni kweli. Kwenye karatasi ya mtihani mambo ni kinyume: anayeokota neno la kwanza lililomjia ndiye anayeondoka na koroma. Kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza: ni vitu au ni namna? Kuna lawama au hakuna? Huandamana na nini? Maswali hayo hayachukui hata nusu dakika, na muda huo unao.